MAISHA YA MUNGANGA SOLOMON CARTER FULLER, MUAFRIKA ALIYECHUNGUZA UGONJWA WA USAHAULIFU



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa zamani tumezoea kusoma habari za watu wa Ulaya: wasafiri, wamisionere, wafalme. Leo tumechagua mtu aliyezaliwa hapa Afrika yetu. Lakini hatukumchagua kwa heshima yake tu. Tulimchagua kwa sababu ya jambo moja lililotokea mbele ya mlango wa masomo yetu, jambo ambalo mpaka leo linatuletea haya.

Ninyi wote munamjua yule mzee anayekuja asubuhi na koti yake nyeusi. Alikuwa mwalimu kwa miaka mingi, na alikwisha kupumzishwa kazi zamani. Anasimama mlangoni, anangojea kengele, anataka kuingia darasani kufundisha hesabu. Akirudishwa nyumbani, kesho anarudi tena. Anauliza kama mke wake amekwisha kupita, na mke wake alikufa siku nyingi. Sisi tulimcheka. Kiisha mmoja kati yetu akasema kama mzee huyu ni mlozi, anajifanya mjinga mchana ili atembee usiku. Siku ile mawe yalirushwa. Sisi tunaoandika haya ni kapita wa wanafunzi, na kazi yetu ilikuwa kuzuia. Hatukuzuia. Tulisimama, tukatazama.

Siku chache nyuma yake mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha juu ya ugonjwa wa ubongo unaoharibu ukumbusho wa wazee, na akatutajia jina la Munganga Fuller. Tukaanza kutafuta maisha ya mtu huyu. Haya njo tuliyoyapata.

1. JAMAA YAKE

Solomon Carter Fuller alizaliwa tarehe 11 ya mwezi wa nane, mwaka 1872, katika Monrovia, mji mkubwa wa Liberia. Wanafunzi wa historia wanakumbuka kama Liberia ni inchi ambako watu weusi waliotoka Marekani walikuja kukaa, na ilipata uhuru wake mwaka 1847.

Babu yake, John Lewis Fuller, alikuwa mtumwa kule Virginia. Alifanya kazi, akaweka feza kidogo kidogo, akajinunua mwenyewe, akamnunua na mke wake. Tuwaze kidogo jambo hili, wandugu: mtu kulipa feza ili mikono yake iwe mikono yake! Mwaka 1852 walivuka bahari, wakaja Liberia.

Baba yake, ambaye aliitwa Solomon vilevile, alikuwa na shamba la kahawa na kazi ya serikali. Mama yake aliitwa Anna Ursilla James, na wazazi wa mama walikuwa wamisionere waliofanya kazi ya uganga. Mama huyu alifungua masomo madogo ili amfundishe mtoto wake pamoja na watoto wa jirani. Basi Solomon alikomaa kati ya vitabu, dawa na Biblia.

2. SAFARI YA MASOMO

Mwaka 1889, akiwa na miaka 17 (tazameni, ni umri wetu!), Solomon alipanda chombo kwenda Marekani. Aliingia masomo ya Livingstone College katika mji wa Salisbury, North Carolina. Masomo haya yalikuwa ya kanisa moja la Kimetodisti la watu weusi. Yaliitwa kwa jina la David Livingstone, yule yule aliyefika Nyangwe, katika Maniema yetu, mwaka 1871, akaona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni na wafanya biashara ya watumwa. Basi mjukuu wa mtumwa alikwenda kusoma chini ya jina la mtu aliyepiga kelele juu ya utumwa huku kwetu.

Alimaliza pale mwaka 1893. Kiisha akaanza masomo ya uganga katika New York, akayamaliza katika Universite ya Boston mwaka 1897. Siku zile watu weusi wa Marekani walitengwa katika mambo mengi, na waganga weusi walikuwa wachache sana. Mara nyingi Fuller anahesabiwa kuwa munganga wa akili wa kwanza mweusi katika inchi ile.

3. HOSPITALI YA WESTBOROUGH

Munganga huyu kijana alipata kazi katika hospitali ya serikali ya Westborough, jimbo la Massachusetts, iliyopokea wagonjwa wa akili. Alikaa pale karibu miaka 22.

Katika hospitali sawa ile walikuwamo watu wa kila namna. Walikuwamo walioharibiwa na pombe, walioshikwa na kaswende iliyopanda katika ubongo, waliosikia sauti, na wazee waliosahau majina ya watoto wao. Watu mingi waliwatazama wote kwa jicho moja, wakasema hawa ni wazimu, imekwisha. Juu ya wazee walisema ni uzee tu.

Fuller hakuridhika na jibu lile. Mgonjwa akifariki, alipasua ubongo wake, akaukata vipande vyembamba sana, akavitia rangi, akavitazama katika mikroskopi, akavipiga picha. Kiisha akalinganisha yale aliyoyaona na yale yaliyoandikwa juu ya mgonjwa alipokuwa hai. Alitaka kujua kama ugonjwa huu na ule ni mmoja, ao ni mbalimbali. Kazi hii si ya mtu mwenye haraka. Kwa ubongo mmoja munganga anapashwa kutazama vipande vingi, kimoja nyuma ya kingine, na mara nyingine haoni kitu. Toka mwaka 1899 alifundisha vilevile katika Universite ya Boston.

4. KWA MUNGANGA ALZHEIMER

Mwaka 1904 Fuller alivuka bahari tena, akaenda Ujerumani, katika mji wa Munich. Mkubwa wa kliniki ya akili alikuwa profesa Emil Kraepelin, na laboratwari yake iliongozwa na Alois Alzheimer. Alzheimer alichagua wageni 5 wa kufanya kazi pamoja naye. Mmoja wao alikuwa Fuller, mtoto wa Monrovia. Alikaa kule mpaka mwaka 1905.

Hapa inafaa tueleze habari ya mama mmoja, kwa maana habari yake njo msingi wa mambo yote. Mama huyu aliitwa Auguste Deter. Tarehe 25 ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1901, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt, ambako Alzheimer alifanya kazi wakati ule. Alikuwa na miaka 51 tu. Nyumbani alianza kusahau, kumwazia bwana wake mabaya, kuficha vitu na kupotea katika nyumba yake mwenyewe.

Alzheimer alikaa karibu naye, akamuuliza maulizo mepesi, akaandika kila jibu. Alimuuliza jina lake na jina la bwana wake. Alimwonyesha vitu, sawa vile kalamu, ufunguo na sigara, na mama alivitaja vizuri. Lakini alipomuuliza nyuma ya wakati kidogo ni vitu gani alivyoonyeshwa, mama hakujua tena. Alipoambiwa aandike jina lake, alianza, kiisha akasahau alichokuwa akiandika. Munganga hakucheka. Aliandika tu. Tunaomba mushike jambo hili, kwani tutalirudilia: kuuliza kwa upole na kuandika jibu, njo mwanzo wa kutambua ugonjwa.

Mama Auguste alifariki tarehe 8 ya mwezi wa nne, mwaka 1906. Ubongo wake ulipelekwa Munich. Alzheimer alitia vipande vyake dawa yenye feza, feza ile ya madini, inayofanya vitu vidogo kuonekana vyeusi. Aliona mambo mawili. La kwanza: kati ya chembe za ubongo mulikuwa madoa, sawa takataka iliyogandamana. La pili: ndani ya chembe zenyewe nyuzi nyembamba zilikuwa zimesokoteka na kufungamana, na chembe nyingi zilikuwa zimekufa. Tarehe 3 ya mwezi wa kumi na moja mwaka ule, alieleza mambo haya mbele ya waganga waliokutana katika mji wa Tübingen. Hakuna aliyeuliza ulizo hata moja. Mwaka 1910 Kraepelin aliandika ugonjwa huu katika kitabu chake na kuuita ugonjwa wa Alzheimer.

5. KAZI YA FULLER MWENYEWE

Wakati ule Fuller alikuwa amekwisha kurudi Westborough, na alichojifunza Munich hakukiacha njiani. Mwaka 1907 alitangaza utafiti juu ya nyuzi za chembe katika ubongo wa wagonjwa wa namna nyingi: wazee wenye usahaulifu, walevi, wenye kaswende. Mwaka 1911 aliandika juu ya yale madoa katika ubongo wa wazee.

Mwaka 1912 alifanya kazi kubwa zaidi. Alikusanya habari za wagonjwa wote wa Alzheimer walioandikwa mpaka wakati ule katika Ulaya, akazipanga, akageuza maneno ya Alzheimer juu ya mama Auguste kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza, na akaongeza mgonjwa wake mwenyewe. Huyu anahesabiwa kuwa wa 9. Kwa hiyo waganga wa Marekani wasiosoma Kijerumani walijua ugonjwa huu kwa mkono wa Muafrika.

Tena hakukubali kila neno la wakubwa. Siku zile waganga wengi walisema kama usahaulifu wa wazee unatoka katika mishipa ya damu iliyokauka na kuwa migumu. Fuller alilinganisha, akaona kama jibu hili halitoshi. Mishipa migumu haielezi madoa yale. Wengi walichelewa sana kumfwata. Leo tunajua kama mishipa mibaya inaweza kuleta usahaulifu wa namna yake, lakini ugonjwa wa Alzheimer ni jambo lingine.

6. NYUMBA YAKE NA ZARAU ALIYOIPATA

Mwaka 1909 Fuller alioa Meta Vaux Warrick, mama mweusi aliyejua sana kuchonga sanamu, na ambaye alijifunza kazi ile mpaka Paris. Walikaa Framingham, karibu na Boston, wakapata watoto watatu wanaume. Mwaka ule ule Fuller alikuwa katika mkutano mkubwa wa Universite ya Clark, ambako Sigmund Freud alikuja kufundisha. Picha ya mkutano ule iko mpaka leo, na kati ya wazungu wengi inaonekana sura moja nyeusi.

Lakini zarau haikukosa. Katika universite alifundisha zaidi ya miaka 30, na mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa wenzake weupe. Kwa miaka 5 ya mwisho aliongoza kazi ya idara ya magonjwa ya mishipa ya fahamu bila kupewa cheo cha mkubwa wa idara. Mwaka 1933 cheo kilipewa munganga mweupe aliyekuwa chini yake. Fuller akaacha kazi. Nyuma yake tu walimpa jina la heshima la profesa mstaafu.

Hatutaki kusema maneno mengi hapa. Yule aliyewafundisha watu kama haifai kumhukumu mgonjwa kwa kumtazama sura, yeye mwenyewe alihukumiwa kwa ngozi yake.

7. WAASKARI WA TUSKEGEE

Nyuma ya Vita Kubwa ya kwanza, serikali ya Marekani ilijenga hospitali ya waaskari weusi katika Tuskegee, jimbo la Alabama. Ilifunguliwa mwaka 1923. Walitafutwa waganga weusi wa kuitumikia, na Fuller akawafundisha baadhi yao.

Jambo alilokaza lilikuwa kutambua kaswende ya ubongo. Ugonjwa huu unaweza kufanana na wazimu, unaweza kufanana na usahaulifu. Munganga asiyetazama vizuri atasema huyu ni mwenda wazimu, afungwe. Kumbe ugonjwa ni mwingine, na dawa yake ni nyingine. Hapa tunaona sababu ya kuutambua ugonjwa kwa jina lake. Si kila anayesahau ana ugonjwa wa Alzheimer. Kuna anayesahau kwa huzuni nyingi, kwa kukosa vitamini, kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, kwa pombe, ao kwa homa kali. Kati ya hao wengine wanaweza kusaidiwa, kama mtu anachukua wakati wa kutafuta sababu.

8. MIAKA YA MWISHO

Ugonjwa wa sukari ulimshika Fuller, ukamharibu macho. Karibu na mwaka 1944 alikuwa kipofu kabisa. Mtu aliyefanya kazi ya kutazama vitu vidogo katika mikroskopi maisha yake yote, sasa hakuona hata mkono wake. Lakini aliendelea kupokea wagonjwa nyumbani. Aliwasikiliza. Alifariki tarehe 16 ya mwezi wa kwanza, mwaka 1953, akiwa na miaka 80.

Katika Boston kuna nyumba ya kutunza wagonjwa wa akili yenye jina lake. Katika Framingham kuna masomo yanayoitwa kwa jina lake na la mke wake.

9. KUUTAMBUA UGONJWA HUU LEO

Kazi ya Alzheimer na Fuller ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: madoa yalionekana tu kama mtu amekwisha kufa. Namna gani kuyatambua akiwa hai?

Mwaka 1968 waganga watatu wa Newcastle, katika Uingereza, walioitwa Blessed, Tomlinson na Roth, walionyesha njia. Waliwauliza wazee maulizo na kuhesabu makosa yao, na wazee walipofariki walihesabu madoa katika ubongo wao. Waliona kama makosa yakiwa mengi, madoa ni mengi vilevile. Basi ulizo jepesi linaweza kutuonyesha kidogo yale yaliyofichwa ndani ya kichwa.

Mwaka 1975 katika Marekani walitengeneza maulizo mafupi yenye pwenti 30. Mzee anaulizwa tarehe na mahali alipo. Anapewa maneno matatu ayashike, na nyuma ya dakika chache anaulizwa tena. Anaondoa 7 kutoka 100 mara kwa mara. Anaandika sentensi moja, anafwatisha kielezo. Sisi ambao tunangojea egzameni ya serikali tunajua vizuri uchungu wa kutafuta jibu na kulikosa! Lakini maulizo haya yalikuwa na kosa moja kwetu Afrika. Kambo yetu asiyejua kusoma wala kuandika ataanguka, hata kama akili yake ni nzima kabisa.

Kwa hiyo katika miaka ya 1990 watafiti walitengeneza maulizo mengine ambayo hayadai masomo. Mzee anaonyeshwa kiwiko cha mkono na kuulizwa jina lake. Anaulizwa nyundo inafanya kazi gani, ao soko iko upande gani. Kiisha wanaulizwa vilevile watu wa nyumba yake: je, amegeuka? Kazi alizozifanya zamani, anaziweza sasa? Hili ni jambo la maana sana. Ni ndugu wa nyumba wanaojua mtu alikuwa namna gani mbele.

Kwa njia hii walipima wazee wa Ibadan, Nigeria, na wazee weusi wa Indianapolis, Marekani. Mwaka 2001 walitangaza kama kila mwaka, kati ya watu 100 wenye miaka 65 na zaidi, ugonjwa wa Alzheimer ulishika karibu mtu 1 katika Ibadan, na karibu 2 na nusu katika Indianapolis. Kwa Waafrika ni wachache, lakini wako. Njo kusema ugonjwa huu si wa wazungu tu. Katika miaka hii ya karibu, watafiti wa Kongo yetu wamepima wazee wa Kinshasa kwa maulizo na hata kwa damu.

Mashini nazo zimesaidia. Mwaka 2004 watafiti walitangaza picha za kwanza za madoa katika ubongo wa watu walio hai. Mwezi wa tano wa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikubali kipimo cha kwanza cha damu kinachosaidia kutambua madoa hayo kwa watu wenye dalili. Dawa ya kuponyesha kabisa haijapatikana. Ziko dawa zinazopunguza mwendo wake kwa wengine, na bei yake ni kali.

Huku kwetu mashini hizo haziko karibu. Lakini macho tunayo, na masikio tunayo. Kusahau mahali ulipoweka ufunguo, hilo ni jambo la kila mtu. Kushika ufunguo na kutojua kazi yake, hiyo ni alama. Kusahau jina la jirani si kitu. Kupotea njiani kwenda kisima ulichoteka kwa miaka 40, hiyo ni alama. Kuuliza ulizo lile lile mara kumi katika saa moja, kugeuka tabia, kuwazia watu wa nyumba kama wanaiba, kutembea usiku: zote ni alama za ugonjwa. Na tazameni vizuri, wandugu: hizo hizo njo alama ambazo kwetu wanazitumia kumwita mzee mlozi.

10. SISI NA MZEE WA MLANGONI

Tulipomaliza kusoma maisha haya tulikumbuka mawe yale. Mama Auguste alitembea na kupotea, alificha vitu, aliwazia bwana wake mabaya. Kama angezaliwa katika kijiji fulani cha kwetu, nani angemuuliza jina lake kwa upole na kuandika jibu? Pengine angefukuzwa, ao angechomewa nyumba. Na tena, wanaomfukuza mzee ni mara nyingi watoto wake na vijana sawa sisi, vijana wanaoimba katika kwaya siku ya Mungu. Amri ya kuheshimu baba na mama haisemi tuwaheshimu mpaka siku watakaposahau majina yetu.

Munganga Fuller hakuponya hata mgonjwa mmoja wa Alzheimer. Hakuwa na dawa. Lakini alitazama mahali ambapo wengine walikwisha kuhukumu, na aliandika alichokiona. Kwa kazi ya watu sawa yeye, leo tunaweza kusema mbele ya jamaa yote: huyu hakulogwa, na yeye hakuloga mtu. Ubongo wake unagonjwa, sawa vile tumbo ao mapafu yanavyogonjwa.

Basi sisi kapita tumekwenda nyumbani kwa yule mzee, tukawaomba watoto wake msamaha. Binti yake alitusikiliza kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kiisha akatueleza kama ni mwaka wa tatu sasa, na watu wa mtaa walimwambia asimpe baba yake watoto wadogo kuwapakata. Tulimwomba ampeleke hospitali waganga wamtazame. Alisema atajaribu, akipata feza ya gari. Hatujui kama watakwenda.

Kwa upande wetu, pamoja na ruhusa ya walimu, tumepanga jambo moja. Kila asubuhi mzee akifika, wanafunzi wawili wa mwaka wa sita watamsalimia kwa jina lake la mwalimu, watamwekea kiti chini ya mti, na saa ya mapumziko watamsindikiza kwake. Akiuliza juu ya mke wake, musimcheke, na musimrushie kila siku habari ya kifo sawa habari mpya. Mumwombe awaeleze alivyokuwa. Tulijaribu juma lililopita. Alisahau majina yetu mara nne katika njia moja, lakini meza ya 17 aliisema yote mpaka mwisho bila kosa, na sisi tulikosa.

Anayetaka kuandikishwa katika kazi hii aje kutuona nyuma ya sala ya jioni. Na anayejua nani alirusha jiwe la kwanza, asituletee jina lake. Aje naye pamoja.

Mungu awabariki wote.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita